Machenza, Shule na Mdomo wa Da-on

Jumatatu, 3 Novemba

Upepo wa kaskazini tangu alfajiri, ule unaopenya hadi kwenye meno. Tumeanza kuchuma machenza upande wa juu wa shamba, mimi na Mama U-jin na wenzake anaokuja nao kila mwaka. Safari hii yametoka mazuri, ganda jembamba, utamu umekolea. Mgongo unaniuma lakini humu daftarini tu ndimo ninamosema.

Mchana Mi-ran kapiga simu kutoka Seoul. Binti yangu huyu salamu hazijui, yeye huanzia katikati ya mambo.

"Mama, safari hii ndiyo ya mwisho. Da-on asipopata shule huko kisiwani, mwezi wa tatu namchukua aje akae na sisi."

"Akae na nani? Wewe na mumeo wenyewe mnarudi nyumbani kulala tu."

"Mama, usinianze."

Sikumwanza, nilimmaliza. Lakini baada ya kukata simu nilikaa juu ya kreti, mkasi wa kuchumia nikauweka chini. Da-on ni mjukuu wangu, na nimemlea tangu ana miaka mitatu. Sasa anakaribia kumi na mbili. Kwangu mimi, kwa mbwa na kwa kuku, mtoto huyu anaongea hadi unamwomba apumzike. Mbele ya mgeni anafunga mdomo, basi tena, hata ukimpa dunia. Mwezi wa nne walimpeleka kwenye usaili wa shule moja ya kimataifa huko bara, akakaa mbele ya walimu akitazama viatu vyake mpaka muda ukaisha. Si mjinga. Kiingereza anakisoma kumshinda mama yake. Kukitoa mdomoni ndiko kunakomshinda.

Sasa imebaki nafasi moja tu, huu mji wa shule za kimataifa ulio jirani yetu hapa Daejeong, na usaili uko mwezi ujao. Akikosa, ni Seoul, kutolewa darasa la ziada hili kuingizwa lile mpaka giza, na yeye anajua. Jioni hii hakumaliza wali wake.

Jumatano, 5 Novemba

Upepo. Tumechuma. Kijana wa vifurushi kamwambia Da-on, "Hujambo, binti?" Da-on akajificha nyuma yangu. Miaka yote hii kijana wa watu anamsalimia mtu wa nyuma ya mgongo wangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Bi Pyo katua na ndege ya asubuhi. Huyu ni mama yake Seong-min, mume wa Mi-ran. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana Seoul, kastaafu, lakini mpaka leo akitembea unadhani nyuma yake kuna mstari wa wanafunzi. Tunaitana Mama Mi-ran na Mama Seong-min, kwa heshima zote, na tangu harusi hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata chumvi.

Tumekwenda kuangalia shule ya kwanza. Jengo zima vioo. Bwawa la kuogelea ndani, ukumbi wa maigizo, farasi. Kwenye malisho haya haya mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukija kuchuma mboga pori, na hakuna aliyetukaribisha kahawa. Kijana mwenye suti akatutembeza, macho yote kwa Bi Pyo. Waliohitimu hapo wamekwenda vyuo gani, akavitaja vyote, na Bi Pyo akawa anaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza nyimbo.

Nikauliza, "Na chakula je?"

"Mpishi wetu amefanya kazi katika hoteli kubwa, bibi."

"Sikuuliza amefanya kazi wapi. Nauliza watoto wanakula wakamaliza?"

Akacheka, akadhani namtania. Muda wote huo hakumwuliza Da-on hata jina. Alipoona mtoto anatazama chini, akamwambia Bi Pyo, mwenyewe akiwa pale pale anasikia, "Ana haya kidogo, eh? Tutamrekebisha." Tutamrekebisha! Mjukuu wangu kawa baiskeli.

Kwenye gari Bi Pyo akasema, "Hii ndiyo shule." Mimi nikawasha redio.

Jumatano, 12 Novemba

Manyunyu. Machenza yakilowa hayachumwi. Nimekaa nikashona glavu na kumkasirikia yule kijana wa suti.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua yenye upepo, ile inayokupiga ubavuni. Mwavuli wa Bi Pyo umepinduka getini na mimi nikafurahi. Nisamehewe.

Shule ya pili ni ndogo, imezungushiwa ukuta wa mawe meusi kama mashamba yetu. Watoto walikuwa wanacheza mpira mvuani, wamelowa chepechepe, na hakuna mtu anayewapigia kelele waingie ndani. Akatupokea mwalimu kutoka Skotilandi, mwanamke mrefu kama mwerezi, anaitwa Bi Ishbel. Kikorea chake kinachechemea lakini mwenyewe haoni haya kukitembeza. Akatusalimu sisi wakubwa haraka haraka, kisha akachuchumaa mbele ya Da-on, pale pale nje.

"Wewe unapenda kipi, mvua au upepo?"

Kimya. Da-on akatazama viatu. Bi Ishbel hakurudia swali, hakutoa lile tabasamu la kubembeleza, hakutazama saa. Alingoja tu, maji yanamtiririka shingoni. Bi Pyo akafungua mdomo amjibie mjukuu, nikamfinya. Nilimfinya kweli kweli, na wala sijuti.

Mwisho Da-on akasema, "Upepo."

"Hata mimi," akasema Bi Ishbel. Akanyanyuka, magoti yakalia, tukaendelea na matembezi.

Neno moja, kwa mtu asiyemjua! Nilitaka kupiga vigelegele katikati ya ua wa watu. Shule inayojua kungoja, kumbe ndiyo niliyokuwa naitafuta na sikujua.

Tukaonyeshwa na bweni. Mama wa bweni ni Bi Hyeon, mwanamke wa hapa hapa kisiwani, mikono mipana, sauti nene. Nikamwuliza mtoto akishikwa na homa usiku nani anamgusa kipaji cha uso.

"Mimi," akasema. "Na asiyekula nina habari zake kabla hajaweka kijiko chini."

Nikamwambia hongera, ila huyu wetu atakuwa mwanafunzi wa kutwa. Kutoka kwangu ni robo saa kwa gari, alale huko kwa lipi? "Sawa, bibi," akasema, na vitanda akanionyesha vile vile.

Jumapili, 16 Novemba

Vita. Bi Pyo kaanza kabla ya kunywa chai.

"Mama Mi-ran, shule inachaguliwa kwa matokeo. Haichaguliwi kwa mwalimu mmoja aliyelowa."

"Mama Seong-min, mtoto huyu ukimpeleka kwenye usaili mara mbili utamwua. Tunachagua moja, basi."

"Basi tuchague yenye jina."

"Jina litampangusa kamasi?"

Tukampigia Mi-ran aamue. Sauti yake imechoka, maskini, na ni Jumapili. "Mwulizeni mwenyewe," akasema. Mimi na Bi Pyo tukatazamana. Hilo hakuna kati yetu aliyelifikiria.

Da-on alikuwa anamenya chenza kwenye kona. Hata macho hakuinua. "Ile ya mawe."

Nikampeleka Bi Pyo uwanja wa ndege. Nimeshinda, na ningefurahi zaidi kama asingenishika mkono aliposhuka na kusema, "Najua kwako anacheka. Kwangu hajawahi."

Jumamosi, 22 Novemba

Leo kabichi za kuchachua za mwaka mzima. Pilipili na kitunguu saumu mpaka viwikoni. Da-on anapaka kila jani na kuitungia kila kabichi hadithi yake, hii mchoyo, hii imeachika, hii inaolewa Busan. Tumecheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya pilipili. Mbona hayo asiwaambie wao?

Ijumaa, 28 Novemba

Tarehe ya usaili imetoka, ni Jumamosi, 6 Desemba. Nilikuwa juu ya ngazi Mama U-jin aliposema, "We, hiyo si siku ya kuzaliwa Da-on?" Nusura nianguke.

Balaa gani hili? Siku ya kuzaliwa bila supu ya mwani si siku ya kuzaliwa, ni kumvunjia heshima mama aliyekuzaa. Na kwenda kwenye mtihani na mwani tumboni ni kujitakia, maana mwani unateleza, nawe unateleza nao. Kwetu mtu akifeli hatusemi kafeli, tunasema kala supu ya mwani.

"Mpikie nusu bakuli," Mama U-jin akanishauri.

"Ili nusu apite, nusu ateleze?"

Alicheka mpaka mkasi ukamdondoka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 4 Desemba

Baridi kali, mlima umevaa theluji. Da-on anafanya mazoezi ya usaili kwa kumsaili mbwa. Mbwa kafaulu.

Ijumaa, 5 Desemba

Bi Pyo kaja na kisanduku cha peremende za kimea, zile za kunata anazopewa mtoto wa mtihani ili afaulu, ang'ang'anie asibanduke. Kubwa kama mayai ya kwale, ngumu kama kokoto. Juu ya supu tumekubaliana, mara ya kwanza tangu tujuane, itapikwa jioni baada ya usaili. Tumepeana mikono kama wakuu wa nchi.

Jumamosi, 6 Desemba

Wote wamelala, ndipo naandika.

Nimezoea kuamka kabla ya jogoo. Mikono yangu ikafanya inachofanya kila mwaka tarehe hii. Ikatoa mwani, ikauloweka, ikakaanga nyama kwa mafuta ya ufuta, ikamimina maji. Kichwa kilikuwa mbali, kinawaza upepo na barabara na gari litawaka au halitawaka. Nilishtushwa na mtu anayefyonza kitu nyuma yangu. Da-on kakaa mezani na bakuli lake, kijiko kinaingia, kijiko kinatoka.

"Bibi, ya mwaka huu tamu!"

Mlango ukafunguka. Bi Pyo na gauni la kulalia, nywele wima. Akanusa. Mwalimu mkuu yule, mwenye shahada mbili, akapiga ukelele kuku wote wakaamka.

"Mama Mi-ran! Umemlisha mwani!"

"Si mimi! Ni mikono!"

"Mikono ya nani?"

"Da-on, tema!"

"Nimeshameza," akasema Da-on, naye sasa kaanza kuogopa, kijiko kimesimama hewani.

Bi Pyo akakimbilia kisanduku chake. "Kilichoteleza tutakigandisha," akasema, akamtia mtoto peremende mdomoni. Mimi kwa woga nikaongeza ya pili. Kwenye gari, tunakaribia getini, Bi Pyo akamtia ya tatu, ya usalama. Msomi yule na mkulima mimi, tulikuwa wajinga sawasawa.

Usaili ulikuwa kwenye chumba chenye kioo mlangoni. Da-on akaingia, sisi tukakaa kwenye benchi la nje tunachungulia. Ndani walikuwa Bi Ishbel na mwalimu mmoja mwanamume. Bi Ishbel akauliza kitu. Da-on kimya. Akauliza mwenzake. Kimya. Nikasema moyoni, basi, yaleyale ya bara. Halafu nikayaona mashavu ya mtoto. Yamevimba, na taya linakwenda huku na huku kama la ng'ombe.

"Mama Seong-min. Peremende."

"Bado?"

"Zile zako zitayeyuka lini? Mwakani?"

"Moja ilikuwa yako!" Kisha akachungulia tena. "Nimemfunga mdomo. Mtoto asiyesema, na mimi nimemfunga mdomo kwa gundi." Akaanza kulia, mwanamke yule wa chuma, akanishika mkono. Nami nikaushika. Tukakaa hivyo kama wagonjwa wawili wanaosubiri daktari.

Mwalimu mwanamume akatazama saa yake. Bi Ishbel hakutazama saa. Alikunja mikono mapajani akangoja. Jamani, kungoja alikongoja mwanamke yule!

Mara Da-on akainua kidole, subirini. Akawapa mgongo, akatia vidole kinywani, akavuta. Akavuta tena, mguu kauegemeza kwenye meza. Likatoka donge la peremende, na katikati ya donge, jino! Lile gego la utoto lililokuwa linamchezacheza tangu mwezi wa kumi. Bi Pyo akafunika uso. Mimi nilitaka kuvunja mlango.

Da-on alilitazama jino. Akawatazama walimu. Akaliinua juu walione vizuri, kisha mdomo wake ukafunguka na haukufunga tena.

Sikuwa nasikia kitu, naona mikono tu. Mikono ikawa bakuli, ikawa mwani unaoteleza, ikawa kuku. Mabega ya Bi Ishbel yakaanza kutikisika. Yule mwanamume akavua miwani akajifuta macho. Muda ukapita, mama mwingine akaja na mwanawe akasimama mlangoni anakohoa, na mle ndani bado hadithi inaendelea. Bi Pyo akaninong'oneza, "Huyo ni nani mle ndani?" Nikamwambia, "Huyo ndiye yule wa kwangu jikoni."

Da-on akatoka, jino kalifunga kwenye karatasi laini.

"Umewaambia nini?"

"Waliniuliza kimetokea nini. Nikawaeleza."

"Yote?"

"Supu, kuteleza, kuku, peremende. Na nywele za bibi wa Seoul."

"Nywele zangu?" akashtuka Bi Pyo.

"Kwa Kiingereza sikujua nywele zikisimama husemwaje. Nikawaonyesha." Na hapo kwenye ukumbi akatuonyesha tena.

Bi Pyo akacheka. Akacheka kwa sauti, kashika ukuta, na Da-on akamtazama kwa mshangao, kisha akacheka naye.

Nikamwuliza, "Hukuogopa?"

"Nilisahau, bibi. Nilikuwa na hasira na jino."

Jioni supu iliyobaki tumeimaliza sote watatu. Bi Pyo kala mabakuli mawili, na hakusema lolote kuhusu chumvi.

Jumapili, 7 Desemba

Nimelala hadi jua limepanda. Haijawahi kutokea.

Jumatano, 10 Desemba

Kijana wa vifurushi: "Hujambo, binti?" Sauti kutoka nyuma ya mgongo wangu: "Sijambo. Jino langu limetoka." Kijana kaangusha kifurushi.

Jumanne, 16 Desemba

Upepo. Hakuna jibu. Shamba la nje limebaki safu za mwisho. Bi Pyo anapiga simu kila jioni kuuliza kama nimesikia, na asipopiga naona jioni haijaisha.

Jumatatu, 22 Desemba

Tumechuma kreti la mwisho la nje leo, na leo leo jibu limekuja. Mi-ran kanipigia, anapiga kelele hadi nikaiweka simu mbali na sikio. "Mama, kapata! Kapata!" Nikatupa mkasi. Nikamshika Mama U-jin kiunoni tukacheza katikati ya miti, kofia zetu zikaruka na upepo, wale wenzake wakapiga makreti kama ngoma. Mjukuu wangu, asiyesema na mtu! Nilipiga kelele hizo hadi ukuta wa jirani.

Halafu nikasikia simu bado inaongea.

"Mama, kuna kitu. Nafasi za kutwa zimejaa. Hii ni ya bweni."

Nikakaa chini, kwenye udongo.

Nimepigana msimu mzima mtoto asitoke nyumbani kwangu, na sasa nimeshinda na anatoka! Robo saa kwa gari, eti alale huko, na chumba chake hapa kitandikwe kwa ajili ya nani? Nimeona bweni linavyofanya. Mi-ran alikwenda Seoul kusoma akiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo akija nyumbani ni mgeni. Asubuhi anakunja blanketi lake vizuri na kuniuliza vikombe vinakaa wapi. Sitaki Da-on aniulize vikombe vinakaa wapi.

Nimempigia Bi Pyo nimgombeze, sikuwa na mwingine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mi-ran, nimekaa na wasichana wa bweni miaka chungu nzima. Wiki ya kwanza wanaolia ni wazazi."

Nikamkatia simu. Kisha nikapiga tena kuomba radhi.

"Najua," akasema. "Simu nilikuwa nimeishika bado."

Jumamosi, 27 Desemba

Mi-ran yuko hapa. Ameweka mambo mezani wakati wa chakula: ama bweni, na jina la Da-on liandikwe kwa wanaosubiri nafasi ya kutwa, ama Seoul.

"Ijumaa narudi?" akauliza Da-on.

"Kila Ijumaa."

"Basi bweni." Akageuka kwangu. "Bibi, wewe utakula na nani?"

Nikamwambia nitakula na mbwa, ambaye mezani ana adabu kumshinda yeye. Kisha nikaenda jikoni kukata kitunguu, ingawa chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Mi-ran akanifuata. Akachukua kisu kingine akakata kitunguu na yeye, na kile kisu hakuniuliza kinakaa wapi.

Jumapili, 11 Januari

Theluji imefika kwenye mabega ya ukuta. Machenza ya nundu, yale makubwa yenye kinundu kwenye kikonyo, yako salama ndani ya hema la plastiki. Tumewasha majiko.

Jumanne, 20 Januari

Nimemfundisha Da-on kutandika kitanda cha bweni. Anakosea makusudi ili nirudie, na mimi narudia makusudi.

Ijumaa, 30 Januari

Upepo umegeuka, una joto kidogo. Shule imesema wanafunzi wapya wa bweni watalala huko kwa majaribio, Ijumaa ijayo hadi Jumapili. Nimemwambia Da-on akiona vibaya anipigie, nitafika kabla hajakata simu.

Ijumaa, 6 Februari

Nimempeleka. Hakulia. Mimi nina mafua.

Jumamosi, 7 Februari

Simu kimya. Nimemwambia Mama U-jin anipigie nione kama ni nzima. Ni nzima. Nimechuma machenza ya nundu peke yangu kutwa nzima nikiyaongelesha.

Jumapili, 8 Februari

Nimelia njia nzima ya kurudi, kilio cha raha, napiga honi kila kona. Waliokuwa barabarani leo watanisamehe.

Niliambiwa nifike saa nane, nikafika saa sita na kreti la machenza mikononi, nijifanye nimeleta zawadi. Kabla sijafika ukumbi wa chakula nikasikia sauti. Nikaijua na nikaikataa. Sauti ile huwa inagombeza kuku wangu.

Nikachungulia. Da-on kasimama juu ya benchi, mikono kiunoni, uso umeiva, anamfokea kwa Kiingereza mvulana mkubwa aliyemzidi kichwa kizima na mabega. Nyuma ya Da-on kuna kasichana kadogo kameshika sinia tupu, machozi yanakatoka. Mvulana akasema lake. Da-on akasema kumi. Mvulana akatupa mikono juu, Da-on akamwonyesha kwa kidole mwisho wa foleni, kule ukutani. Sikuelewa hata neno moja, ila nani anashinda nilielewa vizuri sana. Mvulana akaenda ukutani.

Bi Hyeon alikuwa kando yangu, mikono kifuani.

"Kwa nini huwaamulii?" nikamwuliza.

"Niwaamulie nini, bibi? Tangu jana asubuhi ananifanyia kazi yangu."

"Hajalia?"

"Kalia, ile jioni ya kwanza, kidogo. Kisha akasikia wa kitanda cha pili analia zaidi, akaenda kumsimulia habari za kabichi iliyoolewa Busan."

Machenza yakawa mazito ghafla, nikayaweka chini. Bi Hyeon akashusha sauti.

"Nilikuwa nataka kukupigia. Familia moja inahama. Nafasi ya kutwa imepatikana na nyie ndio wa kwanza kungoja. Ukisema ndiyo, Da-on anakuja asubuhi, jioni yuko kwako."

Neno hilo nimelililia tangu mwezi wa kumi na mbili. Lilipofika nikasimama nalo pale mlangoni sijui niliweke wapi.

Da-on akaniona. Akaruka chini, akanijia mbio, akanikumbatia tumboni na nguvu zote. "Bibi! Mbona mapema? Hatujamaliza!" Nikamweleza habari ya nafasi ya kutwa, neno kwa neno kama nilivyoambiwa, bila kuongeza sukari.

Furaha yake ikapungua kidogo usoni. Akaificha haraka, lakini mimi nimemlea.

"Bibi akitaka, nitarudi," akasema, na alisema kwa moyo mweupe. Angerudi kweli. Angepanda gari langu siku hiyo hiyo asinune hata kidogo, na mimi ningekula naye kila jioni mpaka awe mkubwa.

Nyuma yake yule mvulana alikuwa anasogea taratibu, mtu mmoja, mtu wa pili, anarudi mbele ya foleni. Da-on hakuwa amegeuka, lakini sikio lake lilikuwa kule.

Nikacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kilichoanzia miguuni.

"Hiyo nafasi mpeni mtoto mwingine," nikamwambia Bi Hyeon, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. "Huyu wangu ana ugomvi hajaumaliza."

Nilipogeuka kumtazama Da-on, alikuwa keshapanda benchi.